Kati ya Li na Si

Mvua ya mawe ilianza saa tisa na robo,
ikapiga bati la Bunge la Kaunti
kama gunia la mahindi linalomwagwa kwenye karai.
Spika akahoji. Ndiyo ikapaa. La ikapaa.
Kisha akatamka matokeo. Midomo tuliiona,
sauti ikaliwa na bati.
Pande zote mbili zikatoka zikishangilia.

Hoja yenyewe: Bwana Lisutsa,
kaimu karani kwa miezi ishirini na sita,
athibitishwe, au kiti kitangazwe upya.

Mimi ni mhariri wa Hansard. Nalipwa kwa masikio.
Vyombo hivi nimevivaa miaka kumi na mmoja
hata nywele zimevikatia njia.
Nikairudisha kanda mara tisa, mara kumi na nne.
Chini ya mawe, kama mtu anayeita
kutoka ng'ambo ya mto Isiukhu:
wa… oafiki wameshinda.
Walioafiki? Wasioafiki?
Silabi moja. Lugha yetu imeweka
mlango na ukuta mahali pamoja.

Ikaja chai ambayo sikuagiza.
Lisutsa mwenyewe, na maandazi mawili kwenye sahani ya ofisi.
"Dada, wewe ni mtaalamu. Mtaalamu husikia vizuri."
Hakuongeza. Aliulizia tu karo ya mwanangu,
akaitaja shule, akataja na kidato,
mambo ambayo sikuwahi kumwambia.

Jioni, kwenye ngazi, Bi. Khasiala, naibu wake,
wa ukoo wa mama yangu.
Alinisemesha Kiisukha laini,
lugha ambayo ofisini huwa ameisahau.
Alisema damu haiandikwi, lakini husomeka.

Siku tatu tukaishi hivyo.
Mhasibu alihamisha meza yake.
Wa maktaba akaacha kunisalimu, wa uchapishaji akaanza.
Hata Sajenti Ambundo, abebaye siwa
na ambaye hajawahi kubeba maneno ya mtu,
alinisimamisha akifunga milango:
"Kwani wewe uko wapi?"
Chumba namba saba, nikamjibu. Hakucheka.

Nami si malaika.
Mwaka juzi nilimnyooshea mheshimiwa mmoja sentensi,
akatokea ukurasani na busara
aliyoikosa ukumbini.
Niliuita wema. Kumbe kidole
hujifunza njia kwa vitu vidogo.

Usiku wa nne nikakumbuka kipaza sauti
cha meza ya makarani, kile kilichochakaa,
ambacho hakuna anayekumbuka kukizima.
Nikaifungua njia yake, peke yake.
Mawe yakasogea mbali.
Si.
Wazi kabisa, kama jino linalovunjika. Si.
Na baada yake, karibu sana na chombo,
pumzi ndefu ya mwanamume, halafu, polepole,
"Mama yangu."
Lisutsa alisikia. Alisikia kabla yetu sote,
akanyanyuka, akakusanya karatasi zake, akatabasamu.

Niliandika: wasioafiki wameshinda.
Niliandika, ndani ya mabano: (Mvua ya mawe).
Pumzi sikuiandika. Pumzi si hoja,
haikupelekwa mezani, haikuhojiwa.
Kama kuna mtu atakayeitafuta, haitakuwa kwangu.

Asubuhi Lisutsa alipita mlangoni pangu
akitazama ukuta wa upande wa pili.
Nilitaka kumwambia kitu. Sikujua ni nini.

Khasiala alikuja mikono wazi,
manukato mapya, kicheko cha arusi.
"Shemeji zangu waliniambia nisikuamini,"
akanong'ona kwa lugha ya nyumbani,
"lakini mimi nilijua. Wewe ni wetu."

Hilo ndilo lililoniuma. Chai ile haikuniuma hivyo,
wala karo.
Nilikuwa nimebeba silabi moja kutoka ndani ya mvua,
nzima, bila kuimwaga,
na huyu amekuja na chupa yake kuikinga.

Nikamsukumia daftari la kupokea nakala,
kalamu juu yake.
"Saini hapa," nikamwambia, kwa Kiswahili.
"Na saa. Wote huandika saa."